Kilimo kinavyohatarisha viumbe wanaotunza udongo

MKULIMA anapofyeka msitu ili apande mahindi, huiona miti ikianguka. Asichokiona ni nyungunyungu, mchwa, jongoo na tandu wanaopoteza makao chini ya miguu yake.

Viumbe hao ndio vibarua wa udongo. Jongoo hutafuna majani makavu, nyungunyungu huyachanganya na udongo, nao mchwa huchimba vijia vya kupitisha hewa na maji ya mvua. Wakitoweka, ardhi hushikamana, maji hutiririka juu yake na rutuba huishia mtoni.

Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa saba, yakiwemo Uganda, India na Brazil, yaliyoshiriki mradi wa kuchunguza uhai wa chini ya ardhi ulioanza mwaka wa 2002. Humu nchini, watafiti walifanya kazi yao Embu na Taita. Katika uchunguzi wa aina hii, huchimbwa bonge la udongo lenye upana wa sentimita 25 kila upande na kina cha sentimita 30, kisha viumbe wakaokotwa kwa mkono na kuhesabiwa.

Sababu za viumbe hao kupungua si fumbo. Jembe hubomoa mashimo yao, jua huunguza ardhi iliyo wazi, na moto wa kuteketeza mabua huwanyima chakula.

Hata hivyo, wingi pekee si dalili ya afya. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kuwa katika Amazon, Brazil, msitu ulipogeuzwa malisho, aina moja ya nyungunyungu iliongezeka kupita kiasi na kuufanya udongo ugande. Wenzao waliokuwa wakiulegeza walikuwa wametoweka.

Mchwa nao hulaumiwa kwa kuangusha mahindi. Lakini wengi wao hupendelea mimea iliyokauka. Shamba likifagiliwa, huugeukia mmea ulio hai.

Tiba ni kuyaacha masalio shambani, kuchanganya mahindi na kunde, kupanda miti na kupunguza kulima kwa kina. Ugumu ni kwamba mabua hayo hayo ndiyo lishe ya ng'ombe na kuni za jikoni. Kwa mwenye ekari moja, njia iliyo karibu ni kuirejesha samadi shambani, ili kilichotolewa na udongo kiurudie.