Tarehe Isiyoandikwa Kwenye Faili

Anayetaka kujua yaliyompata babake katika msako wa serikali ya Kenya dhidi ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, ulioanza mwaka 1986, kwa kawaida hukimbilia faili la mahakama. Humo hukuta jina, shtaka la uchochezi au la kujiunga na kundi haramu, neno "amekiri", kisha miaka ya kifungo. Wengi walihukumiwa bila wakili, kesi ikaisha kwa kikao kimoja. Ukilisoma faili peke yake utadhani mtu alitoka kwake asubuhi akaenda kortini kuungama kwa hiari.

Faili halitaji siku zilizotangulia. Sheria ilitaka mshukiwa wa makosa hayo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ilhali watu walifungiwa majuma kadhaa chini ya jengo la Nyayo House, Nairobi, wakipigwa, wakinyimwa chakula, wakiachwa kwenye maji. Tarehe ya kukiri iko kwenye faili. Tarehe ya kukamatwa anayo mama, mke, au jirani aliyesikia gari likisimama usiku. Siku zilizo kati ya tarehe hizo mbili ni ushahidi mzito. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia manusura kadhaa wa Nyayo House.

Kwa hiyo unapomrekodi mzee ili kuitafuta tarehe hiyo ya kukamatwa, usianze na "alipigania nini?" Uliza walikuja wangapi, nani alifungua mlango, mahindi yalikuwa yamefika wapi, shule zilikuwa zimefungwa au la. Aliyesahau tarehe hukumbuka msimu, na kalenda za shule zipo. Akinyamaza, mwache. Usikate ukimya huo kwenye rekodi.

Barua za gerezani zihifadhi pamoja na bahasha, maana mhuri wa posta una tarehe. Majina nyuma ya picha andika kwa penseli laini, na tafadhali usizipige laminesheni. Haitoki tena bila kuharibu picha.

Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Polisi waliwavamia tarehe 3 Machi, baadhi ya akina mama hao wakavua nguo kuwalaani, kisha wakaendelea na mkesha wao katika kanisa la All Saints hadi mwanzoni mwa 1993, wafungwa wengi walipoachiliwa. Wengi wao walikuwa wazee tayari wakati huo. Kama nyanyako alikuwa miongoni mwao, au alibaki nyumbani akilea watoto wa mfungwa, mrekodi mwezi huu. Faili linaweza kusubiri.