Ua la Mchicha na Ua la Nyanya: Wakati wa Kuweka Mbolea na Kuvuna Mboga za Nyumbani

Kaya nyingi katika kata zetu hupanda mboga nyuma ya nyumba, kandokando ya uzio au ndani ya viroba vilivyojazwa udongo. Bustani ya namna hiyo, hata ikiwa na matuta mawili tu, huipatia familia kitoweo cha kila siku na kupunguza fedha zinazopelekwa gengeni. Hata hivyo, zipo hasara mbili zinazojirudia: mchicha unaokomaa na kuwa mgumu kabla haujachumwa, na minyanya inayonawiri majani lakini haizai. Zote mbili huweza kuepukwa na mwenye bustani anayejua kusoma ishara moja, nayo ni ua.

Kwa mboga za majani, ua hutangaza kwamba muda wa kuvuna unakwisha. Kwa mboga za matunda, ua hutangaza kwamba mmea umefikia hatua inayohitaji maji na chakula kuliko zote zilizotangulia.

Mboga za majani: vuna kabla ya ua

Mchicha huwa tayari kung'olewa wiki 3 hadi 4 baada ya kusia mbegu. Anayetaka kuvuna kwa muda mrefu asiung'oe. Akate shina sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, nayo machipukizi ya pembeni yatakuwa tayari kukatwa baada ya wiki 2 hadi 3. Mchicha uliokosa maji au rutuba huwahi kuchanua, na ukishachanua majani yake huwa madogo na magumu. Acheni mashina machache yaliyo bora kwa ajili ya mbegu, mengine yang'olewe na tuta lipandwe upya. Aidha, kusia sehemu ya tuta kila baada ya wiki 2 hufanya mboga isikatike nyumbani.

Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki 4 hadi 6 baada ya miche kuhamishwa. Chumeni majani ya chini na kuacha yale 4 au 5 ya juu, ili mmea uendelee kukua. Kwa mnavu, vunjeni vikonyo vya maua kila vinapojitokeza. Kufanya hivyo huurudisha mmea kwenye kutoa majani. Majani ya kunde huchumwa yakiwa machanga, kabla ya maua, lakini anayehitaji pia kunde zenyewe asiyachume kwa wingi.

Mboga za majani huhitaji zaidi naitrojeni. Kabla ya kupanda, changanyeni na udongo samadi iliyooza vizuri, kiasi cha kilo 2 kwa kila mita mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba vimelea vya magonjwa hadi kwenye mboga. Baada ya kila mkato, mwagieni maji ya samadi yaliyozimuliwa hadi kufanana na chai nyepesi. Anayetumia Urea asizidishe vizibo 2 vya soda kwa mita mraba. Kizibo kimoja huchukua takriban gramu 5. Kunde hazihitaji Urea, kwa kuwa bakteria walio katika mizizi yake huutengenezea mmea naitrojeni kutoka hewani.

Mboga za matunda: lea ua

Nyanya huanza kuchanua takriban mwezi mmoja baada ya miche kuhamishwa, na kutoka ua hadi tunda kuiva hupita siku 45 hadi 60. Wekeni kizibo 1 cha mbolea ya CAN kwa kila mche wiki 2 baada ya kuhamisha, na vizibo 2 matunda ya kwanza yanapojitokeza. Mbolea izungushwe sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye shina, ifukiwe, na udongo uwe na unyevu. Naitrojeni ikizidi kabla ya maua, mmea hujaza majani na kuchelewa kuzaa.

Maji nayo yawe ya kipimo kisichobadilikabadilika. Bustani inayokauka siku kadhaa kisha kufurikishwa hutoa nyanya zenye kitako cheusi kilichooza. Wengi hudhani ni ugonjwa na kununua dawa, ilhali tunda limekosa madini ya kalsiamu ambayo husafirishwa na maji. Tiba yake ni kumwagilia kwa utaratibu na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Joto kali la kabla ya masika nalo huweza kuangusha maua ya nyanya, hivyo matandazo na umwagiliaji wa asubuhi husaidia.

Kwa maboga na matango, maua ya kwanza huwa ya kiume, nayo huanguka bila kuacha tunda. Hilo lisimtie mtu hofu. Maua ya kike hufuata, na hutambulika kwa kitunda kidogo kilicho chini ya ua. Nyuki ndio wanaohamisha chavua kutoka ua la kiume hadi la kike. Kwa hiyo msipulizie dawa asubuhi maua yakiwa wazi. Nyuki wakiwa wachache, chumeni ua la kiume alfajiri na kuligusisha ndani ya ua la kike.

Dalili za kuvuna

• Bamia: siku 4 hadi 7 baada ya ua, ncha ikivunjika kwa urahisi. Ichumwe kila baada ya siku 2. Ikiachwa ikomae, mmea hupunguza kuzaa.
• Biringanya: ngozi ikiwa inang'aa. Ikifubaa, mbegu zimekwisha kukomaa.
• Ngogwe: kabla hazijageuka kuwa nyekundu.
• Tango: likiwa kijani, kabla ya kuwa la manjano.
• Nyanya: zinapoanza kubadilika rangi huweza kuchumwa na kuivia ndani, mbali na ndege.
• Boga: kikonyo kikikauka na ganda likiwa gumu kiasi cha kutopenyeka kwa ukucha.

Angalizo kuhusu viuatilifu

Kila kiuatilifu kilichosajiliwa huonyesha kwenye lebo siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Lebo ikisema siku 7 na mmepulizia Jumatatu, mboga hiyo isichumwe kabla ya Jumatatu inayofuata, hata ikiwa imefikia kukomaa. Kuosha kwa maji hakutoshi kuwa badala ya kusubiri, na wanaoumia haraka zaidi ni watoto. Viuatilifu visivyo na lebo, au vilivyopimwa katika chupa za soda, visinunuliwe.

Inashauriwa kuandika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kupanda, ya kuweka mbolea na ya kupulizia dawa. Mwenye mmea usiozaa au unaonyauka apeleke tawi lake, pamoja na tarehe hizo, kwa Afisa Ugani kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Ushauri huo haulipiwi, na ni vyema kuupata kabla ya kununua dawa yoyote.