Asmini, Mizizi na Sumu ya Ardhini

Hapana nyumba ya Pwani isiyoijua asmini. Maua yake hutungwa vikuba, na harufu yake hujaza chumba kizima. Lakini ni wachache wajuao kwamba mwaka 1962 wataalamu waliyachambua mafuta ya asmini wakapata ndani yake kitu ambacho baadaye kilitambulikana kuwa ni mjumbe wa mimea. Kitu hicho huitwa jasmonati.

Mmea hauna ulimi wa kulia wala miguu ya kukimbilia. Ukitafunwa na mdudu, au mizizi yake ikikutana na sumu, hutengeneza wajumbe wa namna hii kwa kiasi kidogo mno, wakaeneza habari mwilini mwake. Mjumbe mwingine ni asidi ya salisiliki, jamaa ya aspirini tunayoijua.

Je, yamhusu nini mnywaji wa dawa za miti shamba? Yamhusu sana. Metali nzito kama risasi na kadimiamu hazionekani udongoni. Risasi hudhuru akili za watoto, na kadimiamu huharibu figo. Tena kadimiamu huingia kwa hila: hupita katika milango ileile ya mizizi ipitishayo chuma na zinki, ambavyo mmea wavihitaji.

Katika majaribio mengi, mimea iliyopewa asidi ya salisiliki au jasmonati kwa kipimo kidogo ilistahimili sumu hiyo vizuri zaidi, na mara nyingi majani yake yalikuwa na kadimiamu chache. Mjumbe wa tatu, asidi ya absisiki, hufumba vitundu vya majani. Maji yakipungua kupanda, sumu nayo hupungua kupanda, na nyingine hubaki imefungiwa mizizini.

Hapo ndipo penye mtego. Mchuma majani apata nafuu, lakini mchemsha mizizi ajitilia chunguni kile mmea ulichokificha. Isitoshe, kipimo kikizidi mambo hugeuka, na mmea huu si sawa na ule. Wala wajumbe hao hawaisafishi ardhi.

Mfano tunao hapa hapa Mombasa. Huko Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilichafua mtaa kwa risasi tangu 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo baada ya kutenguliwa katika rufani.

Mti umeao mahali kama hapo, hata uwe na majani mabichi namna gani, usidhaniwe kuwa ni dawa. Kuosha majani huondoa vumbi. Kuchemsha huua vijidudu. Lakini metali iliyokwisha ingia ndani ya mmea haifi kwa moto.

Zamani mgonjwa alimwuliza tabibu, "Dawa hii ni ya mti gani?" Leo na tuongeze swali la pili: "Umechimbwa wapi?"