Barua ya Mgonjwa ni Siri Yake

Mwaka 1944 askari wa KAR kutoka Tanganyika walipigana Burma. Wengi walilazwa kwa malaria na majeraha. Asiyejua kuandika alimtajia mwenzake maneno ya barua. Wakaguzi wa jeshi nao walizisoma barua, na nyumbani kusipokuwa na msomaji aliitwa jirani. Ni vigumu kueleza maradhi yako mbele ya masikio mengi hivyo.

Wapendwa wasomaji, hata leo wapo wagonjwa wanaohitaji mkono wa mwingine. Unapojitolea kuwatembelea waliolazwa Kilosa au Mtakatifu Kizito, Mikumi, ukaombwa kuandika ujumbe, hata wa simu, andika maneno ya mgonjwa mwenyewe, msomee, kisha tunza siri. Ugonjwa wake si habari ya kijiweni.