Steringi hafi? Mbona Hogan na Kamala wote wamekwenda!

Kwa nyie mliozaliwa juzi, ngoja niwape sheria namba moja ya kibanda cha video: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa kwenye mti na maadui hamsini wamzunguke, lakini hafi. Ukiona kafa, ujue yule hakuwa steringi, au mwenye kibanda kachanganya kanda.

Ndiyo maana Julai 24, 2025, ilipotoka habari kwamba Hulk Hogan kafariki huko Clearwater, Florida, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 71, mimi na utu uzima wangu nilikaa kwenye kochi nikashika tama. Mke wangu akaniuliza, "Kuna msiba?" Nikamjibu, "Upo." "Wa nani?" Hapo nikabaki natazama dari. Utamwambiaje mkeo kwamba unamlilia Mzungu mwenye masharubu ambaye hata siku moja hamjasalimiana?

Lakini mpenzi msomaji, Hogan kwetu hakuwa mtu wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 90 Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi vituo vya kwanza tuliviona mwaka 1994. Kabla ya hapo, pale mtaani kwetu Magomeni, dunia nzima ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati chenye mabenchi manne na deki moja iliyofunikwa kitambaa kama bibi harusi. Kiingilio shilingi ishirini. Ukizikosa, unachungulia kwenye tundu mpaka mtu akumwagie maji.

Siku ya mieleka kibanda kilikuwa hakitoshi. Hogan anaingia, anachana fulana yake ya njano, anaweka mkono sikioni kusikiliza kelele za watu. Na sisi tulikuwa tunapiga kelele kweli, tukiamini anatusikia. Ile kanda ya mwaka 1987 alipomnyanyua André the Giant, jitu lililotangazwa kuwa na kilo zaidi ya 230, na kulibwaga chini, iliangaliwa mpaka ikaanza kukwaruza. Fulana ngapi zilichanwa Magomeni kwa ajili ya mtu yule! Mimi nilichana moja, tena ya sikukuu. Mama alinichapa kwa mwiko, na mwiko wenyewe ukavunjika.

Tukitoka kibandani, mchezo unahamia uani kwetu. Kulikuwa na godoro kuukuu la sponji, ndiyo ulingo. Godoro lilikuwa letu, kwa hiyo Hogan ni mimi. Haikuwa na mjadala.

Sasa Hogan bila adui atapigana na nani? Adui wetu alikuwa Kamala. Kama hukumwona, huyu alikuwa pande la mtu, mweusi, anaingia ulingoni pekupeku, kavaa kinyago, kashika mkuki, kapakwa rangi usoni na tumboni. Haongei, anajipiga tumbo tu. Alikuwa anaongozwa na mtu aliyevaa kofia ya wale Wazungu wa kuwinda simba. Wakamtangaza kuwa ni jitu la Uganda, tena eti lilikuwa mlinzi wa Idi Amin.

Fikiria hiyo habari inaingia Dar es Salaam! Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 haikuwa mbali. Kibandani walikuwemo watu wazima waliopeleka ndugu zao kule. Kamala akitokea tu, wanaanza: "Nduli! Nduli!" Na sisi watoto tunadakia.

Uani kwetu Kamala alikuwa mshikaji wangu mmoja. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mweusi kuliko sisi wote, basi. Tulikuwa tunampaka chokaa usoni, tunampa fimbo ya ufagio iwe mkuki, halafu tunampiga. Siku moja nilipanda ukutani ili nimwangukie kwa paja kama Hogan. Nilimwangukia kweli, mtulinga ukavunjika. Alipopona akarudi uani, tukamwambia sawa, karibu, ila bado wewe ni Kamala. Akakubali.

Miaka ikapita, tukakua, tukaanza kusoma habari za watu wetu. Hapo ndipo utamu ulipoingia shubiri.

Kamala hakuwa Mganda hata kidogo. Aliitwa James Harris, Mmarekani mweusi wa Mississippi, aliyewahi kuendesha malori. Mwaka 1982 huko Memphis ndiko alikovalishwa Uganda, yaani rangi, mkuki na amri ya kutoongea kama watu. Amin alichomekwa tu ili watu wachukie vizuri. Kwa maana hiyo sisi watoto weusi wa Magomeni tulikuwa tunalipa shilingi ishirini kumzomea mtu mweusi aliyelipwa aigize Mwafrika ambaye hayupo popote. Sio yeye tu. Hata Yokozuna, yule "Mjapani" mnene, alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Samoa.

Kisukari kikamkata Harris mguu mmoja mwaka 2011 na wa pili mwaka 2012. Alifariki Agosti 9, 2020, akiwa na miaka 70, kwa corona. Siku hiyo mimi sikushika tama. Nilisoma, nikasema "duh," nikaendelea na chai yangu.

Na Hogan? Julai 2015 ilifichuka sauti yake iliyorekodiwa akiwatukana watu weusi, kwa sababu binti yake alikuwa na uhusiano na kijana mweusi. Kampuni ya mieleka ikamfukuza Julai 24, 2015. Angalia hiyo tarehe vizuri. Ni miaka kumi kamili, siku ile ile, kabla hajafa. Aliomba radhi, mwaka 2018 wakamrudisha kwenye orodha yao ya mashujaa. Lakini Januari 2025 alipopanda jukwaani eneo la Los Angeles, watu walimzomea. Aliyezoea kuweka mkono sikioni siku hiyo alisikia vingine.

Najua kuna msomaji anasema, "Achana nao, mieleka yenyewe ilikuwa usanii." Ni kweli, mshindi alikuwa anapangwa. Ila sakafu haikuambiwa kwamba ni maigizo. Hogan alipasuliwa mgongo, nyonga na magoti mara nyingi kwa ile staili yake ya kuanguka na paja. Yokozuna alikufa mwaka 2000 akiwa na miaka 34. Owen Hart alianguka kutoka darini mwa ukumbi mwaka 1999 akiteremshwa kwa waya, naye miaka 34. Randy Savage alikwenda mwaka 2011 akiwa na 58, Ultimate Warrior mwaka 2014 akiwa na 54. Vifo vyao havikupangwa na mtu.

Basi usiku ule niko kwenye kochi, simu ikalia. Nani? Kamala wetu wa uani! Siku hizi ni fundi magari Tabata, ana kitambi, ana mke na watoto.

"Nimesikia umekufa," akaniambia.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na sina hakika yote yalikuwa ya kicheko. Tukaongea sana, habari za kibanda, za mwiko wa mama. Halafu nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza kwa miaka zaidi ya thelathini: "Hivi kwa nini hukuwahi kukataa kuwa Kamala?"

Akanyamaza kidogo. "Ningekataa ningecheza na nani? Godoro si lilikuwa lenu?"

Nikakosa la kusema. Nikamwambia, "Ndugu yangu, samahani."

"Ya mtulinga au ya Kamala?"

"Zote."

"Ya mtulinga iliisha siku ile ile, mama yako alileta kuku. Ya Kamala njoo Jumamosi tuongee." Halafu akaongeza, "Na mimi nilikuwa nampenda Hogan, bwana. Hamkuniuliza tu."

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa najiuliza kama ni halali kumlilia Hogan baada ya yale maneno yake, kumbe swali lilikuwa karibu zaidi. Hogan alituumiza kwa mdomo akiwa mbali, sisi tulikuwa tunamuumiza mwenzetu uani, kila siku, kwa jina la Hogan. Kumlilia nitamlilia, utoto wangu umekwenda naye. Ila sitasema hakuyasema aliyoyasema. Na James Harris naye nimemuwekea tanga, japo nimechelewa miaka mitano.

Jumamosi nikaenda Tabata na kreti ya soda. Mshikaji kanipokea vizuri, tumekula, tumeongea, na alinieleza mambo ambayo mengine siyaandiki hapa. Mwishoni akamwita mwanawe wa miaka tisa, akatandika godoro sebuleni, akamwonyesha kwenye simu jinsi Hogan alivyokuwa anaanguka na paja.

"Haya," akaniambia huku akikunja mikono, "leo godoro ni langu. Lala hapo, Kamala."

Nikalala. Dogo akapanda kwenye kochi.

Jamani, mgongo unaniuma mpaka ninapoandika hapa.