Muziki wa Mahler na Orff: mwanakwaya wa Kirolirwe aanzie wapi?

Kirolirwe iko kwenye barabara ya Sake–Kitshanga, wilayani Masisi. Anayetaka kujifunza huko muziki wa Ulaya wa kuanzia mwisho wa karne ya 19 ana kikwazo cha wazi: Simfonia ya Pili ya Mahler peke yake inadai wapigaji karibu 100, tena na kwaya. Na watu wakikimbia vita, hata gitaa huachwa nyumbani.

Wakongo wengine walianza bila vyombo vya kutosha. Mwaka 1994 mjini Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi na mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya Kimbanguiste. Fidla zilikuwa chache, wakapokezana. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Filamu ya 2010, Kinshasa Symphony, inawaonyesha wakifanya mazoezi ya Carmina Burana ya Carl Orff, iliyosikika mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1937.

Kwa mwanakwaya, Orff ni mlango mwepesi kuliko Mahler. Kazi hiyo inasimama juu ya sauti za watu na ngoma, miondoko mifupi ikirudiwa, na tangu 1956 lipo toleo la piano mbili na ngoma badala ya okestra nzima. Anayeimba sauti nne kwa do-re-mi tayari ana sikio. Kinachobaki ni kusoma nota kwenye mistari mitano.

Nota za Mahler, aliyefariki 1911, ni za bure kwenye tovuti ya IMSLP. Za Orff, aliyefariki 1982, bado zinauzwa. Asiye na mtandao wa uhakika anaweza kuzipakua za Mahler akifika Goma, akarudi nazo ndani ya simu.