Namba 2,147,483,647: kikomo cha saa za kompyuta mwaka 2038

Kompyuta za zamani zinazohesabu muda kwa sekunde zitafikia ukomo wa hesabu yao tarehe 19 Januari 2038. Ukomo huo ni namba moja iliyojulikana na wanahisabati kabla kompyuta hazijabuniwa: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba.

Namba hiyo hupatikana kwa kuzidisha mbili 31 pamoja, kisha kutoa moja. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila kubakiza isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Hakulazimika kujaribu kila namba. Namba isiyo tasa huwa na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni takriban 46,340. Tena, kigawo chochote cha namba hii kingepaswa kubakiza 1 kikigawanywa kwa 62. Zilizosalia zilikuwa chache, na hakuna iliyoigawa.

Kompyuta nayo huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Mifumo mingi ya karne iliyopita iliitengea kila namba nafasi 32. Nafasi moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, hubaki 31. Zote zikijaa 1, namba inayosomeka ni ile ile ya Euler.

Mifumo ya aina ya Unix huhesabu sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970. Sekunde ya mwisho itatimia siku ya Jumanne, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na saa 11 na dakika 14 alfajiri kwa saa za Kigali, Bujumbura na Lubumbashi. Sekunde inayofuata, saa isiyorekebishwa itageuka hasi na kusoma Disemba 1901.

Hata hivyo, athari hazisubiri siku hiyo. Programu ya benki inayokokotoa mkopo wa miaka 20, au ya mfuko wa pensheni inayopanga tarehe ya kijana kustaafu, tayari inavuka mwaka 2038. Kwa upande wa hesabu nyingine, mwaka 2014 YouTube ilipanua kihesabio chake kwa kuwa wimbo wa PSY wa Korea Kusini ulikuwa ukikaribia kutazamwa kupita namba hiyo.

Tiba inajulikana: kutumia nafasi 64, zinazotosha kwa takriban miaka bilioni 292. Kompyuta nyingi za sasa zimekwisha kuhamia huko. Kazi ngumu imebaki kwenye vifaa vilivyofungwa ndani ya mitambo, ambavyo programu zake hazibadilishwi kwa urahisi; hivyo vinahitaji kutambuliwa mapema, maana tarehe yake haiwezi kuahirishwa.